Jina la Mama Kwenye Nakala Iliyovuja

Shikamoo Shangazi. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti kuomba ushauri, kazi yangu ni kuwaandikia watu wengine maneno ya kusema, lakini haya yangu yamenishinda, nikaona bora nikuletee wewe ambaye hunijui, na ninachokuomba ni unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunipigia kelele.

Mimi ni mwandishi na mwongozaji wa tamthilia, ile ya wapangaji wa nyumba moja wanaochangia mita ya umeme, bila shaka umeisikia, maana siku hizi hata watoto wakigombana wanaitana Mama Mita, yule mwenye nyumba anayezunguka vyumbani kukagua nani kaacha taa inawaka. Wenye tamthilia ni kampuni inayoonyesha filamu kwa kulipia. Unaweka programu yao kwenye simu, unalipa kwa kadi ya benki, unalipia mwezi mzima hata kama unachokitaka ni kitu kimoja, halafu wanakutolea kipindi kimoja kila wiki. Mimi sikuyapanga hayo, niliyakuta. Nilichojua ni kwamba baada ya miaka ya kuandika matangazo ya sabuni nimepata watu wa kunilipa kwa kazi ya kichwa changu mwenyewe, nikasaini kila karatasi waliyoniwekea mezani, na mojawapo ilisema hakuna nakala itakayotoka ofisini kabla vipindi vyote havijaonyeshwa.

Sasa Shangazi, mama yangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, mtaa mzima unamwita Mama Sare na wengine hata jina lake la kweli hawalijui. Mimi nimesomeshwa na cherehani ile. Tulipomaliza kutengeneza tamthilia nilitaka kwenye yale majina yanayopanda mwishoni niweke shukrani kwake, mstari mmoja tu, kampuni wakakataa, mkurugenzi akasema mambo ya familia yanafanya kazi ionekane kama video ya harusi. Nikanyamaza, lakini roho iliniuma. Basi siku moja mhariri wetu wa picha alipotoka kwenda kula, mwanamume mtaratibu sana ambaye tunamwita Mkasi kwa sababu kazi yake ni kukata, nilikaa kwenye kompyuta yake, nikaongeza ule mstari mwishoni mwa kila kipindi, “Kwa Mama Sare, aliyenisomesha kwa sindano na uzi”, nikatoa nakala moja kwenye flashi, nikafuta nilichoongeza, nikampelekea mama kama zawadi. Nilimwambia hii ni ya kwako peke yako, usimwonyeshe mtu. Hakuna nakala nyingine duniani yenye mstari ule.

Wiki chache baadaye niko saluni, nimeinamishwa kichwa naoshwa nywele, nasikia sauti ya Mama Mita. Nikadhani ni tangazo. Nikainuliwa, nikaona kwenye TV ya ukutani wanawake wote wanaangalia kipindi ambacho kampuni haijakitoa, wanacheka, msusi amesimama na kitana mkononi amesahau mteja wake, na mimi nusu yangu imefurahi, Shangazi, nisikudanganye, ndiyo mara ya kwanza kuwaona watu nisiowajua wakicheka pale nilipotaka wacheke. Kisha kipindi kikaisha, majina yakaanza kupanda, na wa mwisho kabisa akawa Mama Sare. Nililipa nikatoka na nywele zikiwa zinachuruzika maji.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Nimemkuta sebuleni amejaza majirani, cherehani imefunikwa, sketi za shule zimening'inizwa mpaka mlangoni, anaponiona ananyanyuka na kupiga vigelegele. “Karibu mwenye tamthilia! Mwanangu, nimekufanyia matangazo mpaka basi!” Nikamvuta jikoni, nikamuuliza ile flashi alimpa nani. Akanishangaa. “Si nilimpelekea fundi pale kona. TV yangu ilikuwa inatoa sauti, picha haitoi. Vipindi vya mwanzo nilivisikiliza hivyo hivyo kama redio, nikasema labda ndiyo mitindo yenu ya siku hizi.” Ndipo nikakumbuka kwamba alinipigia simu kuniambia, nikiwa kwenye kikao, nikamjibu kwa haraka, mama hiyo TV yako ni ya kizamani, nitakuletea nyingine, nikakata, na TV sikupeleka. Shangazi, mama yangu alikaa mbele ya kioo cheusi akaisikiliza kazi yangu mpaka akachoka, na hakutaka kunisumbua tena.

Nikamwendea huyo fundi. Ni mtu mzima, miwani kaiweka kwenye paji la uso, anatengeneza simu na kuwajazia watu filamu kwenye flashi, na mtaa ule anazijua TV zote, nyumba ipi inasoma faili gani. Nikamwambia wewe ni mwizi. Hakukataa. Akasema alipoigeuza faili ya mama isomeke, nakala ilibaki kwenye mashine yake, akaitazama, akaipenda, mteja mmoja akaiomba, basi. Kisha akaniuliza, “Dada, watu wananiuliza hii inauzwa wapi nami sijui. Wewe mwenyewe niambie, mimi nikitaka kukulipa nilipe wapi?” Nilitaka kumjibu, nikaanza kumweleza habari za programu na kadi ya benki, nikajisikia najichanganya, nikaondoka.

Sasa balaa lenyewe. Kampuni wamefuatilia, wamegundua nakala iliyovuja ilitolewa kwenye kompyuta ya Mkasi, kwa jina lake. Wamemsimamisha kazi. Mstari wa shukrani wameuona pia, wakaamua Mama Sare ni mama yake Mkasi. Amewaambia mama yake ni mwalimu wa hesabu na hata kifungo hajui kukishona, wakamwambia aache mzaha. Mimi nilikuwemo kwenye kikao hicho, Shangazi. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nikaangalia nje. Jioni yake Mkasi akanitumia ujumbe, “Dada, huyo Mama Sare wanayeniuliza, wewe unamjua?” Mpaka leo sijamjibu.

Wanataka kumfikisha polisi yeye pamoja na fundi, wawe mfano kwa wengine, na wameniandalia maelezo nisaini kwamba faili zilikuwa mikononi mwa Mkasi peke yake. Nikisaini, mtu asiye na hatia anaharibikiwa na maisha. Nikisema ukweli, nimevunja mkataba, msimu wa pili unakufa na waigizaji wote wanakosa kazi kwa ajili yangu, na mama yangu anaitwa kituoni kuulizwa alipata wapi na alimpa nani, mwanamke ambaye hajawahi hata kusimamishwa na askari barabarani. Nimefikiria kumsaidia Mkasi kimya kimya mpaka apate kazi kwingine. Nimefikiria hata kumwambia mama aseme flashi aliiokota. Ninapoandika haya naona aibu, lakini ndiyo niliyoyafikiria. Nifanye nini?

Wako,
Mwandishi Aliyeishiwa Maneno

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho. Sasa kaa vizuri.

Barua yako umeipamba sana. Kuna mama, kuna fundi, kuna kampuni, kuna saluni, mpaka nywele zilizolowa. Ndiyo kazi yako, sikulaumu. Lakini ukiondoa mapambo yote kinachobaki ni mtu mmoja amekaa nyumbani kwake kwa kosa lako, amekuuliza swali fupi la heshima, na wewe umeliacha kwenye simu. Hiyo ndiyo habari. Mengine yote yatapata nafasi yake baadaye.

Karatasi hiyo usisaini. Hili halina mjadala na sitaki uniandikie tena kuniuliza vipi kuhusu hili, vipi kuhusu lile. Na habari za kumsaidia kimya kimya zifute kichwani. Mkasi hakukuomba sadaka. Amekuuliza kama unamjua Mama Sare, na jibu lake ni ndiyo, ni mama yangu, na nilikaa kwenye kompyuta yako ulipokwenda kula. Maneno hayo si mengi. Wewe umewaandikia wapangaji wa nyumba nzima, huwezi kushindwa na haya. Na usimwandikie kwenye simu. Nenda kwake, piga hodi, mwambie ukiwa umesimama, na akikufokea pokea.

Halafu mama. Unasema unataka kumlinda. Mwanangu, wewe hapo unajilinda mwenyewe, mama umemshika mbele kama mwavuli. Mama hakuvujisha kitu. Alipewa zawadi ambayo haifanyi kazi, akakupigia, ukamkatia simu, akafanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili zake kitu kikiharibika, akampelekea fundi. Mkataba uliusaini wewe, flashi uliitoa wewe. Na huo ujinga wa kumfundisha aseme aliiokota usiurudie hata kwa mzaha. Mama aliyekulea kwa kazi ya halali unataka umfundishe uongo uzeeni? Mkalishe chini, mweleze taratibu, na usimfiche kwamba kuna mtu ameumia. Nina hakika atasikitika, na nina hakika zaidi kwamba hatajificha nyuma yako. Ofisi ile unayoiogopa wewe, yeye ameshona sare za watoto wa watu wakubwa kuliko hao.

Fundi sasa, nisije nikaonekana nampigia debe. Alikosea. Kitu kilichopita mkononi mwako kwa matengenezo si chako, hata kama ni kizuri, na hasa kama ni kizuri. Mtu akikuletea suruali uipunguze hukati nyingine kwa kitambaa chake ukauza. Waigizaji wako, wapiga picha, yule anayebeba taa, wote walifanya kazi, na kila flashi aliyojaza imewapita pembeni. Mwambie hivyo. Lakini lile swali alilokuuliza usilikimbie kama ulivyolikimbia, kwa sababu hata mimi ninalo.

Ndiyo, mimi. Nilisikia sifa za tamthilia yenu, nikataka kulipa kama mtu mstaarabu. Programu yenu ikaniambia simu yangu ni ya zamani. Sawa, nikaazima ya mpwa wangu. Ikataka kadi ya benki, nikatoa kadi, ikakataa. Nikapiga huduma kwa wateja, nikapigiwa muziki mpaka nikaujua, kisha dada mmoja mwenye sauti nzuri akanishauri nijaribu tena baadaye. Nikajaribu baadaye, ikakubali, picha ikaganda Mama Mita akiwa amefungua mdomo, na ikabaki hivyo. Nilikuwa sijaona hata mwisho wa kipindi cha kwanza na nilikuwa nimeshalipia mwezi. Nikamwendea fundi wa mtaani kwangu. Akaniuliza swali moja tu, “Mama, TV yako ni ya aina gani?” Nilipofika nyumbani vipindi vyote vilikuwa vimepangwa kwa mpangilio, na kimoja kilipokwamakwama nilimrudishia, akanibadilishia bila kununa.

Sisemi haya kujisafisha. Niliangalia kitu ambacho hakikulipiwa, na nimeshamwambia mhariri wa gazeti hili ayaache yachapwe. Nayasema kwa sababu kampuni yako inatafuta mwizi wakati inapaswa kumtafuta mteja. Mkurugenzi wako anadhani watu wamekataa kulipa. Mbona fundi wanamlipa, tena kwa furaha, tena wanamshukuru? Watu wamekataa kuhangaishwa. Mtu mwenye TV ya kizamani naye anacheka, mtu asiye na kadi ya benki naye anataka kujua kama Mama Mita atakata umeme. Wafunge huyo fundi leo, kesho kona ile ile atakaa mwingine, na swali atauliza lile lile.

Kwa hiyo ukienda ofisini usiende kulia tu. Sema kosa lako lote kwanza, bila kulipamba, na useme mbele ya wale wale waliokuwa kwenye kikao ulichoangalia dirishani, Mkasi akiwepo kama atakubali. Wamwombe radhi hapo hapo. Ukishamaliza hilo, na si kabla, waambie uliyoyaona kwa mama yako. Watoe nakala nyepesi inayosomeka kwenye TV za zamani. Wauze kipindi kimoja kimoja kwa anayetaka kimoja, watu walipe kwa simu kama wanavyolipia umeme na maji. Nakala hizo waziweke kwa mafundi wenyewe kama wauzaji wao, fundi apate sehemu yake na wasanii wapate yao, maana duka tayari lipo, wateja tayari wapo, na mwenye duka anazijua TV zote za mtaa. Na hiyo desturi ya kuchelewesha ili watu wawe na hamu waifikirie upya. Watu wakiwa na hamu hawasubiri.

Watakusikiliza? Sijui. Huenda wakakufukuza. Sikufichi, ulivunja mkataba na wana haki hiyo. Msimu wa pili unaweza kufa kweli, na waigizaji wakakununia, na itabidi uwaangalie usoni. Lakini fikiria ule msimu wa pili ukitengenezwa kwa saini unayoombwa sasa. Ungeandika nini mle? Mama Mita mwenyewe, pamoja na roho yake mbaya, hajawahi kumsingizia mpangaji balbu ambayo hakuiwasha.

Na zaidi ya yote, kabla hujalala leo nenda kwa mama yako, mkae pamoja muiangalie ile aliyogeuziwa na fundi. TV mpya inaweza kusubiri. Ulichomnyima si TV, ni kumsikiliza alipokupigia simu.

Nenda kwa Mkasi kwanza. Weka kalamu chini, uende.

Shangazi wenu

NENO LA NYONGEZA

Wasomaji wangu mtaniuliza, Shangazi, umechapa barua kama hii na kila mtu anamjua Mama Sare? Nina akili, jamani. Jibu nilimsomea mwandishi wetu kwa simu kwanza, kwa namba aliyoiacha kwenye bahasha, nikaishikilia barua mpaka mwenyewe aliponipigia kunipa habari. Alikwenda kwa Mkasi. Mkasi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani, alipomaliza akamwambia, “Asante kwa kuja, dada,” akafunga mlango. Kesho yake alikuja ofisini, akakaa mbele kabisa.

Ameombwa radhi na ameambiwa arudi kazini. Hajasema atarudi, na mimi simlaumu. Mwandishi wetu amevuliwa uongozaji, ameachiwa kuandika tu, tena chini ya uangalizi. Fundi hakupelekwa polisi. Aliitwa ofisini akaenda na miwani yake kwenye paji la uso, na nasikia mkurugenzi alimuuliza maswali mpaka chai ikapoa, ingawa kuhusu msimu wa pili bado wanavutana. Nami nimelipia vipindi vyangu, nikalazimika kwenda mpaka ofisini kwao kwa sababu programu bado inanikatalia.

Mama Sare alikwenda ofisini siku ile ya kukiri, pamoja na binti yake. Hakuna aliyemwita. Alivaa gauni lake la kanisani, akaitoa flashi kwenye leso, akaiweka mezani na kusema nakala ilikuwa yangu, aliyeumia ni mtoto wa mwenzangu, nimekuja kusema hivyo. Kisha akamgeukia Mkasi na kumpa pole.

Kabla ya kuichapa barua hii nilimpigia Mama Sare mwenyewe kuomba ruhusa, nikamwambia naweza kulibadilisha jina lake likawa lolote. Akacheka mpaka nikasikia cherehani inasimama.

“Ulibadilishe la nini, mwanangu? Mji mzima umeshalisoma. Andika hivyo hivyo Mama Sare, halafu ongeza kwamba shule zikifungua bado nashona.”